Wikiendi Istanbul kwa daraja la biashara kutokea Dar: hatua kwa hatua

Kila nikirudi safari maswali ni yale yale, kwenye simu, kwenye harusi, hata msibani nimeshaulizwa: hivi unaendaje Istanbul Ijumaa halafu Jumatatu uko ofisini, hauchoki? La pili linafuata hapo hapo, hiyo bizinesi klasi ni kutupa hela au ina maana yoyote? Nimejibu mmoja mmoja mpaka basi, kwa hiyo naandika yote hapa, kuanzia tiketi mpaka unapofungua mlango wa kwako Jumatatu usiku wa manane.

Kwanza kwa nini Istanbul na sio kwingine. Saa ya Istanbul na saa ya Dar ni moja. Uturuki waliacha kubadili saa mwaka 2016, wakabaki saa 3 mbele ya Greenwich mwaka mzima, na sisi Afrika Mashariki tuko hapo hapo. Yaani unakaa hewani kwa muda wa kama saa 7, unafika bara lingine, na mwili wako haujui kama umehama, ukisikia njaa ya mchana na huko ni mchana. Kwa safari ya siku mbili hii kitu ni kubwa kuliko bei, kuliko hoteli, kuliko chochote. Linganisha na New York, KQ (Kenya Airways) wanaruka moja kwa moja kutoka Nairobi tangu Oktoba 2018, ni kama saa 15 hewani na ukishuka saa imerudi nyuma 7 au 8, wikiendi nzima utakuwa macho saa tisa usiku unaangalia dari. London ni saa 2 au 3 kutegemea msimu, inavumilika. Bangkok 4, Guangzhou 5, hizo ziache mpaka upate wiki nzima. Doha na Jeddah saa yao ni ile ile yetu, kwa hiyo mengi humu yatakusaidia na huko pia.

Mfano wangu ni Dar na Turkish (Turkish Airlines, shirika la ndege la Uturuki) kwa sababu ndiyo njia ninayoijua vizuri. Walioko Nairobi, Entebbe au Kigali, hatua ni zile zile, badilisha jina la uwanja tu.

Uwe na hivi kabla ya kugusa tiketi

- Pasipoti yenye miezi 6 mbele kuanzia siku unayofika.
- Viza. Tovuti rasmi ya viza ya mtandaoni ya Uturuki inaishia na .gov.tr, nyingine zote zinazofanana nayo ni madalali na baadhi ni matapeli kabisa. Kwa pasipoti nyingi za Afrika, ukiwa na viza hai ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya), Uingereza, Marekani au Ireland mambo yanakuwa mepesi sana, usipokuwa nayo jiandae kuomba viza ya kubandikwa kwenye pasipoti na hiyo inakula wiki kadhaa. Anza na hili. Nimeona watu wamekata tiketi ya bei mbaya isiyorudisha hela halafu ndio wanauliza habari za viza.
- Ruhusa ya Ijumaa nzima kazini, na Jumatatu asubuhi kama bosi wako ni muungwana.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Wapigie benki uwaambie unasafiri, ni dakika tano.
- Akaunti ya maili ya kampuni ya ndege, yaani pointi unazokusanya kila unaposafiri nao. Ni bure, na tiketi moja ya daraja la biashara inakupa maili nyingi kuliko safari kadhaa za ikonomi, lile daraja la kawaida.
- Begi moja la mkononi, koti la ukweli kama ni kati ya Novemba na Machi, na kanga. Kanga nitaieleza mbele.

Hatua zenyewe

1. Piga hesabu ya usingizi kabla ya hesabu ya bei. Wengi wanaangalia bei ya biashara, wanashtuka, wanafunga simu. Fanya hivi: chukua tofauti kati ya bei ya biashara na bei ya ikonomi kwa upande mmoja wa safari, gawa kwa masaa ambayo kweli utalala. Tuseme (namba za mfano tu) ikonomi kwenda na kurudi ni dola 800 na biashara ni dola 2,000, tofauti ni 1,200, upande mmoja ni 600, ukilala saa 5 umelipa dola 120 kwa kila saa ya usingizi. Sasa jiulize, bila huo usingizi Ijumaa yako ya Istanbul ingekuwaje? Ungefika umevimba miguu, ungelala hotelini mpaka magharibi, na kwa safari ya siku mbili na nusu umeshapoteza karibu nusu siku ambayo umeilipia hoteli. Kama wewe ni mtu wa kulala popote, hata kwenye basi la Mwanza, usinunue, nakwambia ukweli, kaa ikonomi ule hiyo hela Istanbul. Mimi siwezi kulala nimekaa, kwangu hesabu inakubali.

2. Tafuta ndege ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na soma tarehe mara mbili. Hapa ndipo watu wanaumia kuliko pote. Ndege za Dar kwenda Istanbul huwa zinaondoka usiku mzito. Tiketi yangu ya mwisho iliandikwa Ijumaa 03:55. Kwa saa zetu hiyo ni saa kumi kasoro dakika tano alfajiri, maana yake unatoka nyumbani ALHAMISI usiku. Mtu anasoma "Ijumaa", anasoma "3", kichwani anaweka saa tisa alasiri, Ijumaa mchana anapanga begi na ndege imeshatua Istanbul. Nimeshuhudia kwa ndugu yangu wa damu. Weka alamu mbili kwenye simu, moja Alhamisi saa mbili usiku na nyingine saa sita usiku, na mwambie na mwenzio wa nyumbani.

Kurudi tafuta ndege ya Jumapili jioni. Yangu iliondoka 18:50, saa moja kasoro kumi, nikatua Dar kama saa nane usiku kuamkia Jumatatu. Kwa mpangilio huo umeshuka Istanbul Ijumaa kabla ya saa tano asubuhi na unaondoka Jumapili jioni, ni kama saa 56 za mji kwa siku moja tu ya likizo. Ratiba zinabadilika kwa msimu, kwa hiyo usinakili namba zangu, nakili umbo.

3. Angalia ni ndege gani, sio kampuni gani. Nisome vizuri hapa maana hela nyingi zinapotea kwenye hii hatua. Neno "biashara" kwenye tiketi halikuahidi kitanda. Kwenye ndege nyembamba za korido moja, zile 737 na A321 ambazo zinatumika kwenye baadhi ya njia za Afrika, siti ya biashara mara nyingi ni kiti kikubwa cha ngozi kinachoegemea nyuma kidogo, wawili kulia wawili kushoto. Kizuri, ndio, lakini hulali bapa. Kwa safari ya mchana poa, kwa usiku wa kuamkia Ijumaa umelipa hela ya kitanda ukapewa kochi.

Ndege pana ndizo unazotaka. A330 nyingi za Turkish zina siti zinazolala kabisa, mpangilio 2-2-2, yaani siti mbili, korido, mbili, korido, mbili. 787-9 zao ni 1-2-1, kila mtu anatoka kwenye korido bila kumruka mwenzie, hiyo ukiipata shukuru. 777 zao nyingi zina 2-3-2, yaani kuna mtu anakaa katikati ya watu wawili kwenye daraja la biashara, usikubali awe wewe.

Aina ya ndege imeandikwa kwenye ukurasa wa kukatia tiketi, bonyeza pale penye "maelezo ya safari" kabla hujalipa. Ukiona 737 kwa tarehe yako, sogeza siku au angalia kutokea Nairobi, au nunua ikonomi bila kujutia. Na rudi kuangalia tena wiki moja kabla, maana ndege hubadilishwa.

4. Kata tiketi kwa akili. Mambo manne.

Moja, sio lazima pande zote mbili ziwe biashara. Kwenda ni usiku wa manane na una siku nzima mbele yako, hapo nunua kitanda. Kurudi unaondoka jioni, unafika saa nane usiku, unaenda kulala kwako, ikonomi inatosha kabisa. Tovuti nyingi zinakuruhusu kuchanganya daraja ndani ya tiketi moja, na kama inakukatalia nenda kwa wakala wa tiketi mjini Posta atakutengenezea. Mimi kwa sasa ndivyo ninavyosafiri, labda itokee bei ya kurudi iwe imeshuka sana.

Mbili, hakikisha umelala huko usiku wa Jumamosi. Nauli nyingi za bei nafuu zina sharti hilo, ni kanuni ya zamani ya kuwatenganisha watu wa kikao, wanaorudi kwao Ijumaa, na watu wa matembezi. Safari yetu ya Ijumaa hadi Jumapili inapita vizuri. Ukijaribu Jumatano hadi Ijumaa unaweza kuona bei imepanda na usijue kwa nini.

Tatu, usiunge tiketi mbili tofauti. Mtu anaona Nairobi ni nafuu, anakata tiketi ya Nairobi–Istanbul, halafu anakata nyingine ya Dar–Nairobi kivyake. Ya kwanza ikichelewa ya pili inaondoka bila wewe na hakuna anayekuomba samahani. Vile vile ukiruka kipande cha mwanzo cha tiketi kwa makusudi, vipande vilivyobaki vyote vinafutwa, na kile cha kurudi kikiwemo.

Nne, soma masharti ya kubadilisha tarehe. Viza ikichelewa wiki moja utafurahi kama ulilipa ile nauli ya juu kidogo inayokubali mabadiliko.

Kuhusu kupandishwa daraja: kampuni nyingi zinakutumia ujumbe siku chache kabla ukitaka kutaja dau lako, na nyingine zina bei ya kaunta siku ya safari. Jaribu, hakuna ubaya, uliza kwa upole pale unapokabidhi begi, "leo kupanda biashara ni shilingi ngapi?" Ila usijenge safari juu ya hilo, Alhamisi nyingine bizinesi imejaa hadi siti ya mwisho.

5. Chagua siti siku hiyo hiyo ya kulipa. Kwenye 2-2-2, ukiwa peke yako chukua zile mbili za katikati, kwa sababu kila mmoja pale ana korido yake. Dirishani inavutia ila mwenzio akishalala bapa, kwenda chooni ni kumvuka kama unavuka mtaro, na usiku huo huoni kitu nje zaidi ya giza. Mkiwa wawili, dirishani ni kwenu. Epuka safu inayogusana na jiko la wahudumu na choo, taa na sauti za vyombo zitakula ule usingizi ulioununua.

6. Hoteli: mtaa mmoja, karibu na tramu. Istanbul ni kubwa mno na foleni yake usiifananishe na kitu, hata wa Mbagala tunaona. Kwa siku mbili kaa Sirkeci, Sultanahmet au Karaköy, zote ziko kwenye mstari wa tramu ya T1 na karibu na vivuko. Waandikie mapema kwamba utafika kabla ya saa saba mchana na unaomba wakupokelee begi, maana vyumba kawaida vinafunguliwa saa nane.

7. Alhamisi usiku. Kula nyumbani saa moja jioni, chakula cha kawaida, wala usile kidogo ukitegemea ndege. Jinyooshe kwa masaa mawili au matatu kama unaweza. Fika uwanjani saa saba usiku, Terminal 3, ambayo ilifunguliwa 2019 na ndiyo ya kimataifa. Daraja la biashara lina kaunta yake kwa hiyo foleni ndefu ya watu wenye maboksi haikuhusu. Utakutana na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda kufungasha nguo Laleli na Merter, ongea nao wakikupa nafasi, wanaijua Istanbul ya kweli kuliko kitabu chochote cha watalii na mmoja ndiye aliyenifundisha habari za kivuko.

Ingia launji (ukumbi wa kupumzikia wa abiria wa biashara), kunywa maji, ukitaka kitu tumboni kula hapo hapo. Kahawa hapana.

8. Ndani ya ndege kazi yako ni kulala. Mhudumu atakuja na menyu, jina lako atalijua, kuna mshumaa mdogo wa umeme kwenye meza na mpishi kavaa kofia yake, kitu kizuri sana, na ndio mtego wenyewe. Chakula kamili kinachukua saa moja na nusu, na ukikitaka na kifungua kinywa kabla ya kutua, kwenye safari ya saa 7 unabaki na saa 3 za kulala. Ukiingia tu mwambie: "Naomba nisiamshwe kwa chakula, niamshe saa moja kabla ya kutua nipate kifungua kinywa." Wanaandika na wanaheshimu. Badilisha nguo kabla ndege haijaruka, taa ya mkanda ikizima tandika siti bapa, mkanda ufunge JUU ya blanketi ili wasikuamshe kuukagua, ziba macho na masikio. Chakula kizuri utakila wakati wa kurudi kama umenunua biashara pande zote, au launji ya Istanbul, hakuna kilichopotea.

Kanga sasa. Ile blanketi ya ndege inakuwa na joto kwa baadhi yetu, kanga inatosha. Ijumaa utaingia misikitini, wanawake wanahitaji kujifunika kichwa na kanga yako ni safi kuliko vitambaa vya kuazima mlangoni. Jioni upepo wa baharini ukianza unaizungusha shingoni. Haina hata nusu kilo.

9. Kutua. Angalia kwamba tiketi yako inasema IST, huo ndio uwanja mkubwa upande wa Ulaya. Kuna SAW, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, ni mbali na mipango yako yote itahama. Kabla hujashuka muulize mhudumu kama daraja lako lina njia ya haraka ya uhamiaji, Ijumaa asubuhi foleni inaweza kuwa ndefu.

Kuingia mjini: metro ya M11 sasa inafika Gayrettepe (kipande hicho kilifunguliwa Januari 2024), ni kama nusu saa, hapo unabadilisha kwenda M2 mpaka Taksim au Vezneciler. Mabasi ya Havaist nayo mazuri na yana sehemu ya mabegi. Teksi zipo za njano, za feruzi na nyeusi, bei inapanda kwa mfuatano huo, hakikisha mita imewashwa. Nunua Istanbulkart kwenye mashine, hiyo kadi moja inapanda metro, tramu, basi na kivuko. Ukilipa kwa kadi ya benki na mashine ikakuuliza lira au dola, chagua LIRA, ukichagua dola unabadilishiwa kwa kiwango chao.

10. Siku zako mbili na nusu. Sitakupangia kila dakika, ila kuna milango inayofungwa na kama hujui wikiendi yako inaharibika.

Ijumaa, swala ya Ijumaa inaangukia mida ya saa saba mchana na kidogo, misikiti mikubwa inafungwa kwa watalii. Kama unaswali, acha begi hotelini na nenda Süleymaniye, ulikamilika 1557, kazi ya Sinan, msanifu majengo wa masultani, kuswali Ijumaa chini ya kuba lile peke yake kunalipa safari. Kama huswali, huo ndio muda wa kula.

Hagia Sophia, jengo la mwaka 537, imerudi kuwa msikiti tangu 2020, na tangu Januari 2024 mtalii analipa yuro 25 na kupanda juu roshani, wanaokuja kuswali wana mlango wao na hawalipi. Chagua kwa ukweli umeenda kufanya nini. Ng'ambo ya bustani ni msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara 6, huo bure.

Soko Kuu, Kapalıçarşı, LINAFUNGWA JUMAPILI. Hilo ndilo kosa la wikiendi namba moja, watu wanaweka manunuzi siku ya mwisho wanakuta milango imefungwa. Nenda Jumamosi asubuhi. Soko la viungo pale Eminönü Jumapili liko wazi, na mtu wa Zanzibar atatabasamu akiona karafuu zinavyouzwa kwa gramu kama dhahabu.

Jumapili asubuhi panda kivuko kwenda Kadıköy, upande wa Asia, dakika kama 20 kwa nauli ya kadi yako ile ile. Kaa nje nyuma, nunua simit (mkate wa duara wenye ufuta) na chai ya glasi ndogo, shakwe wanafuata meli na minara inabaki nyuma yako. Nimepanda boti ya watalii ya bei mara nyingi zaidi na haikunipa hata nusu ya hiyo. Kadıköy tembea sokoni, samaki, zeituni, jibini, kula hapo, rudi.

Usiongeze kasri la Topkapı, na kasri la Dolmabahçe, na mnara wa Galata, na boti ya mlango-bahari wa Bosphorus, vyote safari moja. Chagua kimoja kikubwa kwa siku. Mji utakuwepo.

11. Kurudi. Kwa ndege ya saa moja kasoro, toka mjini saa nane na nusu hadi saa tisa alasiri. Kama umenunua biashara kurudi, launji ya Turkish pale Istanbul ni kubwa kama soko, wanachoma pide (mkate bapa wa Kituruki) mbele yako, kuna mabafu ya kuoga, hapo fika mapema hata saa tatu kabla. Kama unarudi ikonomi, oga hotelini (waombe, wengi wanakubali hata kama umeshakabidhi chumba) na ule mjini, maana bei za uwanjani hazina huruma. Dereva wa kukupokea Dar saa nane usiku mpange kabla hujaondoka, awe mtu unayemjua.

Mizigo: daraja la biashara kwa njia za Afrika kawaida ni mabegi 2 ya kilo 32 kila moja, na mkononi 2 ya kilo 8, soma kwenye tiketi yako kuthibitisha. Ukichanganya daraja kumbuka kila upande una kipimo chake, usinunue zulia kwa kipimo cha kwenda.

Kikiharibika kitu

*Ndege imebadilishwa, siti ya kulala haipo.* Piga simu mara moja, usisubiri siku ya safari. Omba kuhamishwa siku nyingine bila malipo au kurudishiwa tofauti. Mara moja, kampuni nyingine na njia nyingine, nilinyamaza nikidhani nitalalamika nikirudi, nilikuja kuambiwa kwamba kwa kupanda nilikuwa nimekubali. Omba jibu kwa maandishi kabla ya kupanda.

*Wamekushusha daraja uwanjani.* Usitie saini karatasi usiyoielewa. Hifadhi bodingi pasi zote mbili, ya zamani na mpya, dai tofauti. Uturuki wana kanuni zao za haki za abiria na Ulaya wana zao. Kwa ndege ya kampuni ya Ulaya inayoenda Ulaya, safari ya zaidi ya kilomita 3,500, kushushwa daraja unarudishiwa asilimia 75 ya bei ya kipande hicho.

*Ndege imechelewa saa 6 na wikiendi ni fupi.* Wakati bado uko Dar uliza kama unaweza kusogezwa wiki ijayo bila faini, ikifika saa 10 za kuchelewa mimi naahirisha. Hoteli weka ile ya kufuta bure mpaka siku moja kabla.

*Umelala bapa lakini usingizi hauji.* Usiwashe filamu. Funga macho, sikiliza Kurani, mahubiri, redio uliyoipakua, chochote kisicho na mwanga. Mwili kulala chini saa 5 hata bila usingizi mzito unafika tofauti kabisa na aliyekaa wima.

*Begi limebaki Dar.* Ndio maana nimesema begi la mkononi tu. Kama ulikabidhi, usitoke ukumbini kabla hujaandikisha na kupewa namba ya kumbukumbu, na waandikie anwani ya hoteli pamoja na tarehe yako ya kuondoka, la sivyo begi litafika Istanbul Jumapili usiku wakati wewe uko hewani unarudi.

*Jumatatu asubuhi huwezi kuamka.* Ukitua saa nane usiku, mpaka uhamiaji na barabara unaingia kitandani saa kumi. Usijilazimishe kuendesha gari saa moja asubuhi, panda bajaji au omba uingie saa nne, na hilo liombe Alhamisi kabla hujaondoka, sio Jumatatu kwa ujumbe wa simu.